Kupanga Muda wa Kuanza Kutumika kwa Kanuni Mpya za Nishati katika Majengo: Mwongozo kwa Watumishi wa Serikali

Kamati zinazoandaa kanuni za matumizi bora ya nishati katika majengo huweza kubishana kwa miezi kadhaa juu ya ukubwa wa madirisha, rangi ya paa au unene wa kizuia joto ukutani, kisha tarehe ya kuanza kutumika kwa kanuni hizo ikajazwa alasiri moja kabla ya rasimu kupelekwa kwa waziri. Hata hivyo, tarehe hiyo pamoja na maneno machache yanayoizunguka ndiyo huamua ni nyumba ngapi zitajengwa kwa kiwango kipya na ngapi zitaponyoka. Nyumba iliyoponyoka itaendelea kutumia umeme mwingi kwa nusu karne au zaidi, kwa kuwa kuta na paa havibadilishwi mara kwa mara kama taa au majokofu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maofisa wa wizara, kaunti na halmashauri, wanasheria wa serikali na wataalamu wa ujenzi wanaoitwa kwenye kamati hizo. Hatua zimepangwa kwa mfuatano ambao kazi yenyewe huufuata, ingawa ile ya pili na ya tatu zinahitaji muda mwingi kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza: Zijue saa ambazo sheria imekwisha kuziweka

Kabla ya kuchagua tarehe yoyote, orodhesha vipindi vyote ambavyo sheria mama na sheria za utungaji wa kanuni zinavilazimisha. Nchini Kenya, Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 inataka kanuni iliyochapishwa ifikishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao, na isipofikishwa inakosa nguvu. Sheria hiyo hiyo inadai tathmini ya athari pale ambapo kanuni inaelekea kuwabebesha wananchi gharama kubwa, nayo huipa kila hati ya aina hiyo uhai wa miaka 10 tu, isipokuwa ikiongezewa muda au kufutwa mapema. Siku 7 za vikao si sawa na siku 7 za kalenda. Kanuni iliyochapishwa Bunge likiwa katika mapumziko marefu huweza kusubiri wiki nyingi kabla ya kujulikana kama itasimama.

Mfano wa jimbo la California nchini Marekani unafaa kuchunguzwa kwa sababu huko kipindi cha kusubiri kimeandikwa ndani ya sheria yenyewe. Viwango vya majengo huanza kutumika siku 180 baada ya kuchapishwa, na mzunguko mzima hurudiwa kila baada ya miaka 3. Ndiyo maana kanuni za nishati zilizopitishwa na Tume ya Nishati ya jimbo hilo Agosti 2021 zilichapishwa katikati ya mwaka 2022 na kuanza kutumika 1 Januari 2023, na toleo lililofuata, lililopitishwa Septemba 2024, likaanza 1 Januari 2026. Mkandarasi wa huko hahitaji kusubiri uvumi kutoka wizarani, kwa kuwa anaweza kuihesabu tarehe ijayo kwa vidole.

Katika ngazi ya shirikisho, Marekani ina saa ya namna nyingine. Toleo jipya la kanuni ya mfano ambayo majimbo huweza kuinakili linapotoka, yaani IECC (Kanuni ya Kimataifa ya Uhifadhi wa Nishati) kwa nyumba za kuishi au Kiwango cha 90.1 cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa mifumo ya joto na ubaridi, kwa majengo ya biashara, Idara ya Nishati hupewa mwaka 1 wa kuamua kama toleo hilo linaokoa nishati zaidi ya lililotangulia. Ikiamua kuwa linaokoa, majimbo hupewa miaka 2 ya kuzipitia kanuni zao na kutoa uthibitisho. Saa hiyo haina meno makali, na majimbo mengi hubaki nyuma kwa matoleo kadhaa. Tofautisha basi, katika orodha yako, muda ambao ukipita kanuni inakufa na muda ambao ukipita ni aibu tu.

Hatua ya pili: Chagua tukio litakaloamua kanuni ipi itumike

Tarehe peke yake haitoshi. Jengo lina siku ya kuchorwa, siku ya kuombewa kibali, siku ya kupewa kibali, siku ya kuchimbwa msingi na siku ya kukabidhiwa hati ya kukaliwa, na siku hizo huweza kutofautiana kwa miaka. Kanuni isiyosema ni siku ipi kati ya hizo inayohesabiwa huacha mlango wazi kwa kila mwenye wakili.

Ukichagua siku ya kuomba kibali, unawatendea haki wasanifu majengo ambao michoro yao imekamilika, lakini utashuhudia msururu wa maombi wiki za mwisho, mengine yakiwa ya viwanja ambavyo havitaguswa kwa miaka mingi. Ukichagua siku ya kuanza ujenzi, unaziba mwanya huo, ila unamweka njia panda mtu ambaye kibali chake kilicheleweshwa na ofisi yako mwenyewe. Siku ya kukamilika kwa jengo haifai kabisa kwa kanuni za nishati, kwa sababu humlazimisha mtu kubomoa kuta alizozijenga kihalali.

Uingereza imelipitia jambo hili kwa gharama, na somo lake ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Kwa miaka mingi kanuni za England ziliruhusu eneo zima la mradi libaki chini ya kiwango cha zamani mradi tu kazi ilikuwa imeanza katika jengo mojawapo kabla ya tarehe ya mwisho. Kampuni yenye kiwanja cha nyumba mia kadhaa iliweza kuchimba msingi mmoja, kisha ikaendelea kujenga kwa kiwango kilichopitwa na wakati huku wanunuzi wakidhani wanapewa nyumba mpya kwa kila maana. Sehemu L ya kanuni hizo, inayohusu matumizi ya nishati, ilipofanyiwa marekebisho, mwanya huo ulizibwa. Marekebisho yalichapishwa 15 Desemba 2021 na kuanza kutumika 15 Juni 2022. Aliyewasilisha maombi kabla ya siku hiyo aliruhusiwa kutumia kiwango cha zamani kwa masharti kwamba kazi ianze kabla ya 15 Juni 2023, na sharti hilo lilihesabiwa kwa kila jengo peke yake badala ya eneo zima. Hivyo kulikuwa na miezi 6 ya notisi na miezi 12 ya mpito, kwa mabadiliko yaliyokusudia kupunguza hewa ya ukaa kutoka kwenye nyumba mpya kwa takriban asilimia 31.

Kwa maoni yangu, mchanganyiko huo wa matukio mawili, yaani ombi kabla ya tarehe moja na msingi kabla ya tarehe nyingine, ndio unaofaa kuigwa mahali pengi. Kifungu chake kinaweza kuandikwa hivi:

*Kanuni hizi zitaanza kutumika tarehe 1 Julai 2028. Kanuni za awali zitaendelea kutumika kwa jengo lolote ambalo maombi yake kamili ya kibali cha ujenzi yalipokelewa kabla ya tarehe hiyo, mradi ujenzi wa msingi wa jengo hilo umeanza kabla ya tarehe 1 Julai 2029.*

Maneno matatu katika kifungu hicho yanahitaji tafsiri yake kwenye sehemu ya fasili. «Maombi kamili» yawe na michoro yote, hesabu za mhandisi na stakabadhi ya malipo, la sivyo watu wataleta bahasha tupu ili wapigiwe muhuri. «Kuanza ujenzi wa msingi» kusiwe kusafisha kiwanja wala kuweka uzio wa mabati. «Jengo hilo» libaki katika umoja; atakayependekeza neno «mradi» mahali pake wakati wa mashauriano anafahamu vizuri anachokitafuta.

Sema pia, kwa kifungu kinachojitegemea, nini kitatokea kwa majengo yaliyokwisha kuwapo, kwa upanuzi wa nyumba ya zamani na kwa jengo linalobadilishwa matumizi, kwa mfano ghala linalogeuzwa ofisi.

Hatua ya tatu: Tafuta kiungo cha polepole, kisha hesabu kurudi nyuma

Urefu wa notisi haupaswi kutokana na mazoea wala na shinikizo la mwenye sauti kubwa kwenye mkutano wa wadau. Unatokana na kazi moja: ile itakayochukua muda mrefu kuliko nyingine kabla ya kanuni kutekelezeka. Waulize watu wa aina nne, kila mmoja ofisini kwake badala ya ukumbi mmoja wa hoteli.

Waulize wasambazaji wa vifaa kama vioo, rangi za kuakisi jua, hita za maji za jua na vizuia joto vinavyotajwa vinapatikana sokoni, na kama vinaagizwa nje, shehena huchukua muda gani tangu oda hadi bandarini. Liulize shirika la viwango la nchi kama lina maabara ya kuvipima, kwa kuwa kanuni inayotaja kiwango cha upitishaji joto ambacho hakuna anayeweza kukithibitisha humfanya mkaguzi aamini karatasi ya muuzaji. Waulize wasanifu na wahandisi watafanya hesabu kwa programu ipi. Mwisho, waulize wakaguzi wenyewe, na hapa usikubali jibu la mkuu wa idara pekee. Nenda kwa ofisa anayepita viwanjani kwa pikipiki, umuulize ana siku ngapi kwa wiki za ukaguzi na ni mara ngapi hufika kabla ukuta haujapigwa plasta. Kizuia joto kikishafunikwa hakionekani tena, na ukaguzi uliokosa siku hiyo hauwezi kurudiwa bila nyundo.

Mara nyingi kiungo cha polepole huwa ni serikali badala ya mkandarasi. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu upashaji maji joto kwa jua ni mfano wa karibu. Zilidai kwamba jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lifungwe mtambo wa jua unaotosheleza walau asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa mwaka, na majengo yaliyokuwapo yakapewa miaka 5. Kwa karatasi, miaka 5 ni mingi. Lakini kanuni ziliandikwa kwa lugha ya majengo yaliyo chini ya mamlaka za mitaa, na mamlaka hizo zilitoweka baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi. Taasisi mpya zilikuwa bado zinatafuta samani na watumishi wakati saa ya miaka 5 ikizidi kwenda. Muda ulipokwisha mwaka 2017, majengo mengi yalikuwa hayajaguswa. Yeyote aliyekuwa ameisoma Katiba ya 2010, iliyoanzisha serikali za kaunti, aliweza kuliona hilo likija.

Ukishakipata kiungo hicho, anza na tarehe ya kuanza kutumika na urudi nyuma. Tuseme umegundua kwamba kuajiri na kufunza wakaguzi kutachukua miezi 14, na kazi nyingine zote ni fupi zaidi. Kanuni za mwisho basi zichapishwe miezi 14 kabla ya kuanza, kwa sababu hakuna anayeweza kufunzwa kwa rasimu itakayobadilika. Fomu za maombi, orodha ya ukaguzi na programu ya hesabu zitolewe walau miezi 6 kabla, zikiwa zimejaribiwa kwa michoro halisi ya nyumba ya kawaida, duka na ofisi. Kabla ya kuchapisha, weka muda wa mashauriano ya umma, wa kuyajibu maoni na wa mwanasheria wa serikali kuihakiki rasimu. Katika hali hiyo jumla haitapungua miaka 2, na anayeahidi miezi 6 akiwa hana wakaguzi anaahidi karatasi.

Kanuni ya Taifa ya Majengo ya Kenya ya mwaka 2024, iliyochukua nafasi ya sheria ndogo za mwaka 1968, ilipewa takriban mwaka 1 kati ya kuchapishwa kwake na kuanza kutumika Machi 2025. Huo ni muda wa busara kwa kusoma, ingawa kusoma na kuwa tayari ni mambo mawili.

Hatua ya nne: Gawa mzigo kwa vipindi, na serikali itangulie

Si lazima kila jengo liingie siku moja. Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, ulizitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba majengo mapya ya mamlaka za umma yanatumia nishati karibu na sifuri kuanzia mwisho wa 2018, na majengo mengine yote mapya kuanzia mwisho wa 2020. Mwongozo wa mwaka 2024 umerudia mtindo huo: majengo mapya ya umma yasiyotoa hewa chafu kuanzia 2028, na mengine kuanzia 2030. Pengo hilo la miaka 2 lina kazi. Shule na zahanati za serikali huwapa mafundi nafasi ya kujifunza kwa fedha za umma, na humwezesha mkadiriaji majenzi kupata bei halisi badala ya makisio ya kutisha.

Ufaransa ilitumia ngazi za aina nyingine. Kanuni zake zinazoitwa RE2020 zilianza 1 Januari 2022 kwa nyumba za kuishi, na 1 Julai 2022 kwa ofisi na shule, zikiwa zimetangaza papo hapo kwamba viwango vitakazwa mwaka 2025, 2028 na 2031. Kiwanda cha saruji au cha vioo kinachojua ngazi ya miaka 9 ijayo kinaweza kuamua leo kama kinunue tanuri jipya. Jina la kanuni hizo, hata hivyo, linafichua kwamba nazo zilichelewa.

Kwa nchi zetu, mgawanyo kwa ukubwa wa jengo na kwa hali ya hewa una mantiki zaidi. Hoteli na ofisi zenye viyoyozi Mombasa au Dar es Salaam zina matumizi makubwa ya umeme na tayari zina wahandisi, kwa hiyo zinaweza kuanza mapema. Nyumba ya familia inayojengwa kidogo kidogo kila mwenye nayo apatapo fedha huhitaji masharti machache yasiyo na hesabu, kama vile kivuli cha dirisha, mwelekeo wa jengo na upepo kupita, tena huhitaji muda mrefu zaidi. Sharti la kumaliza ndani ya mwaka halina maana kwa mtu anayejenga kwa miaka 7.

Hatua ya tano: Iweke tarehe mahali pake kwenye kalenda

Katika nchi za Afrika Mashariki ambazo mwaka wa fedha huanza 1 Julai, hiyo ndiyo tarehe rahisi kutetea, kwa kuwa mishahara ya wakaguzi wapya itakuwa ndani ya bajeti iliyopitishwa. Epuka miezi ya kuelekea uchaguzi mkuu, na epuka kuifungamanisha tarehe yako na mabadiliko ya kodi au ya mfumo wa vibali vya mtandaoni. Msururu wa maombi ya dakika za mwisho ukikutana na mfumo mpya wa kompyuta, wote wawili wataanguka.

Haraka ya kisiasa nayo ina bei. Mwaka 2023 Ujerumani ilitunga marekebisho yaliyotaka mitambo mipya ya kupasha joto nyumba itumie walau asilimia 65 ya nishati jadidifu. Mahakama ya Katiba ilizuia kura ya Bunge mwezi Julai, kwa kuwa wabunge hawakupewa muda wa kutosha kuisoma rasimu, na kura ikafanyika Septemba. Katikati ya mabishano hayo wenye nyumba wengi walikimbilia kununua mitambo ya gesi kabla ya mlango kufungwa, kinyume kabisa cha lengo la sheria. Hatimaye muda wa nyumba nyingi zilizopo ulifungamanishwa na mipango ya kila mji ya namna nyumba zake zitakavyopashwa joto, yenye tarehe za 2026 kwa miji mikubwa na 2028 kwa mingine, mpangilio ambao ungeweza kuwekwa tangu mwanzo.

Hatua ya sita: Jiandae kwa ombi la kuahirisha

Litakuja, kwa kawaida miezi 3 kabla ya tarehe, likiwa na hoja ya gharama za nyumba. Kuna ombi la haki na kuna ombi la mazoea, na njia ya kuyatenganisha ni kuandika mapema, katika waraka uliochapishwa, sababu chache zinazokubalika: maabara haijafunguliwa, programu ya hesabu haijatolewa, au idadi fulani ya wakaguzi haijafikiwa. Hoja iliyo nje ya orodha ijibiwe kwa maandishi bila kuisogeza tarehe. Pale ambapo sababu ipo, ahirisha mara moja tu, kwa tarehe mpya kamili na kwa sehemu iliyokwama pekee.

Australia inaonyesha kinachotokea pale kila mmoja anapojiamulia. Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2022 ilipandisha kiwango cha matumizi bora ya nishati cha nyumba mpya kutoka nyota 6 hadi 7, na sehemu ya nishati ikapangiwa 1 Oktoba 2023. Victoria na Queensland zikachagua 1 Mei 2024, Australia Magharibi 1 Mei 2025, na Tasmania ikabaki na nyota 6. Kampuni inayojenga katika majimbo kadhaa ililazimika kuwa na michoro ya aina zaidi ya moja. Kaunti au nchi jirani zinazofikiria kanuni za pamoja zilikumbuke jambo hilo.

Kufuta kabisa ni hatari kuliko kuahirisha. Serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 2006 kwamba nyumba zote mpya zisingetoa hewa ya ukaa kuanzia 2016, na viwanda vikawekeza kwa kuiamini ahadi hiyo. Julai 2015, ikiwa imebaki chini ya mwaka 1, mpango ukafutwa. Waliojiandaa ndio walioumia, na waliosubiri walithibitishiwa kwamba kusubiri kunalipa. Tarehe yoyote iliyotangazwa baadaye ilipaswa kwanza kushindana na kumbukumbu hiyo.

Hatua ya saba: Panga ukaguzi wa utekelezaji na toleo lijalo siku hiyo hiyo

Serikali ya Marekani ilipotoa dola bilioni 3.1 kwa programu za nishati za majimbo mwaka 2009, iliyataka majimbo yaahidi kupitisha kanuni za wakati huo na pia kufikia utekelezaji wa asilimia 90 ya majengo ndani ya miaka 8. Sharti la pili ndilo la kunakili. Weka tarehe ya kuanza, kisha weka tarehe ya kupima: miezi 12 baadaye, kundi la majengo lililochaguliwa kwa bahati nasibu likaguliwe na watu wasio wa ofisi iliyotoa vibali, na matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya.

Toleo lijalo nalo lipewe mwaka wake ndani ya kanuni zenyewe. Mzunguko wa miaka 3 wa California na Australia unaelekea kuwachosha wajenzi, na yote mawili yamekwisha kuwekewa breki: sheria ya California ya mwaka 2025 imesimamisha mabadiliko mengi ya viwango vya nyumba za kuishi hadi katikati ya 2031, na serikali ya Australia mwaka huo huo ikatangaza kusitisha mabadiliko ya kanuni za nyumba hadi katikati ya 2029. Penye wakaguzi wachache, miaka 5 au 6 ni mzunguko unaobebeka. Nchini Kenya kazi ya toleo lijalo inapaswa kuanza kabla ya mwaka wa 8 wa uhai wa kanuni. Hati ikifika miaka 10 bila mrithi inakoma, na ofisi ya vibali itajikuta asubuhi hiyo haina kanuni mpya wala ya zamani ya kumwonyesha mwombaji aliyeko dirishani.